Strive sio kujaribu, na mpwa wangu arudishiwe maksi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikirefusha mtanisamehe maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Kwenye ile kona yenu ya kujifunza Kiingereza mliandika kuhusu neno strive, mkasema maana yake ni kujaribu, ni kitu kilekile na try, unaweza ukatoa moja ukaweka lingine na hakuna kitakachoharibika, alafu mkamalizia kwamba wakati uliopita ni strived na anayeandika strove amekosea. Sasa mpwa wangu wiki hiyohiyo akapewa zoezi darasani, akaandika strove kwa sababu mimi mjomba wake ndo nilimfundisha hivo, mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu na pembeni akamwandikia "soma gazeti". Maksi moja ikaenda. Mtoto kaja nyumbani ananiangalia kama mtu niliyemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi kazi inayonilisha ni kutafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na hili neno nimehangaika nalo miaka mingi, kwa hiyo naona nina haki ya kusema mawili matatu.

Nianze na hilo la strove maana ndo jepesi. Strive inakwenda kama drive, yaani strive, strove, striven. Strived nayo ipo, sibishi, kamusi ya Merriam-Webster inazikubali zote mbili, imetanguliza strove kisha ikaongeza strived, kwa hiyo anayetumia yoyote kati ya hizo yuko salama. Kosa lenu ni kuifukuza strove ambayo ndo mwenyeji. Ingawa hata huo wenyeji wake una kichekesho. Neno lenyewe lilitoka Kifaransa cha kale, estriver, maana yake kugombana, kushindana, likaingia Kiingereza kama mwaka 1200 hivi, wakati wakubwa wa Uingereza bado wanaongea Kifaransa kwa sababu ya wale Wanormani waliovuka bahari mwaka 1066. Na maneno ya Kifaransa yakishaingia Kiingereza kawaida yanavaa -ed bila maswali, arrive ikawa arrived, survive ikawa survived, deprive ikawa deprived, hujawahi kumsikia mtu akisema arrove. Strive ikafika, ikaona drive na ride na write zinavobadilisha vokali, ikaiga, kama mgeni aliyekuja kutembea siku mbili akaishia kuoa hukohuko na sasa anaongea lafudhi ya pale kuliko waliozaliwa pale. Na striven jamani inatamkwa kwa i fupi kama driven, sio straiven, hilo kosa nalisikia hata kwa watu wenye vyeti ukutani.

Haya, maana sasa. Mnasema strive ni try. Mtu yuko dukani kashika kiatu, anamwambia muuzaji let me try this shoe. Weka strive hapo uone, let me strive this shoe, muuzaji ataita mlinzi. Try mwanzo wake ni kuchuja, kupima, ndo maana kesi mahakamani inaitwa trial, na kujaribu kwetu kuko hivohivo, unajaribu gari kabla hujalinunua, Mungu anamjaribu mja wake, na kwenye sala tunasema usitutie majaribuni. Hapo kwenye try na jaribu mko sawa kabisa na sina ugomvi. Ila strive haipimi kitu. Strive imeshapima zamani, imeshaamua, sasa inasukuma, na inasukuma kitu ambacho nacho kinaisukuma.

Ndo maana huwezi ku-strive kwa dakika moja. Mtu anafungua chupa, kifuniko kimekaza, ametumia nguvu, ametumia meno, amelaani kiwanda, lakini Kiingereza hakitasema he strove to open the bottle labda kwa utani. Neno linataka muda, linataka lengo liwe mbali, na linataka kuwe na kinachokuzuia. Alafu ni neno la suti na tai. Rafiki yako akikuuliza utakuja saa ngapi ukamwandikia I will strive to come at four atajiuliza umepatwa na nini, kwa rafiki unasema I'll try yanaisha. Strive utaikuta kwenye hotuba, kwenye barua ya kuomba kazi, kwenye kauli mbiu za shule, na kwenye zile karatasi za kung'aa zinazobandikwa mapokezi. Hata wanasiasa wanaipenda, Uingereza miaka kama ya 2012 ulikuwa husikii kitu ila strivers na skivers, wachapakazi na wategaji, yaani taifa zima limegawanywa mafungu mawili kwa sababu tu maneno yanapendeza yakikaa pamoja.

Sarufi yake haina mambo mengi. Strive to kikifuata kitenzi, strive for ikifuata nomino, strive after nayo ipo ila inanuka maktaba. Huwezi kusema I strive success, na strive doing hapana. Strive against ni kupambana na kitu. Iliyonitoa jasho mimi ni strive with, kwa sababu with tulifundishwa ni pamoja na, kumbe hapa ni dhidi ya, kama tunavosema nimegombana na fulani, ni "na" ileile ya nimekwenda safari na fulani ila mara hii mnarushiana viti.

Na hapo ndo naomba mnisikilize vizuri. Strive ina ugomvi ndani yake. Ndugu yake wa tumbo moja ni strife, na strife haina hata chembe ya bidii, ni mfarakano mtupu, fitina, watu kushikana mashati. Tofauti yao ni v na f tu, kama prove na proof. Anayetaka kuuona huo ugomvi achukue Biblia ya Kiingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, aiweke pembeni ya Union Version yetu ya Kiswahili. Mwanzo 6:3, Mungu anasema roho yake haita-strive na mtu siku zote, Kiswahili kikaandika haitashindana. Luka 13:24, strive kuingia kwenye mlango mwembamba, Kiswahili kikaandika jitahidini. Alafu 2 Timotheo 2:24, mtumwa wa Bwana must not strive. Hapo mtafsiri angekuwa mwanafunzi wa kona yenu angeandika mtumwa wa Bwana asijaribu, au angeweka ile jitahidi ya Luka akaandika asijitahidi, na leo kila mvivu angekuwa na andiko lake mfukoni. Kilichoandikwa ni kwamba haimpasi kuwa mgomvi. Neno moja la Kiingereza, kwetu yametoka matatu, kushindana, kujitahidi, ugomvi, na yote matatu yako sahihi. Najua Biblia haikuandikwa kwa Kiingereza, kwenye Kigiriki cha Luka na cha Timotheo ni vitenzi viwili tofauti kabisa, lakini Waingereza wa 1611 waliona strive inatosha kote kuwili, kwa sababu masikioni mwao kupigana na kukazana vilikuwa chumba kimoja. Siku hizi ule upande wa ugomvi umefifia, tafsiri ya New International Version imeitoa strive sehemu zote hizo tatu. Ila haijafa. Mtu akikwambia she strove against the disease, mle ndani bado kuna ngumi.

Sasa kabla hamjasema Waingereza wana mambo ya ajabu, tuangalie nyumbani. Jitahidi tumeichukua Kiarabu, ijtahada, kwa hiyo ile ji ya mwanzo sio ji ya kujituma na kujikaza ingawa imekaa kama ndo yenyewe, hujawahi kumsikia mtu akisema nimemtahidi jirani yangu. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, jimu, ha, dali, na kwenye mzizi huohuo zimetoka juhudi, na jitihada, na ijtihadi ya wanachuoni wanaotafuta hukumu ya jambo, na jihadi. Watu wengi wakiisikia jihadi wanafikiria panga tu, ila asili yake ni kutoa nguvu zako zote, kuanzia kupambana na nafsi yako mpaka kupambana vitani. Kwa hiyo Mwarabu naye, mbali kabisa na Mfaransa na estriver yake, aliweka jitihada na mapambano kwenye mzizi mmoja. Mimi hilo nilipoligundua nililala saa nane. Na sisi wenyewe bila kumuuliza mtu, ukimsalimia mtu habari za kazi anakujibu tunapambana tu, na hakuna mtu anayempiga pale, yuko kwenye kiti anaandika risiti.

Kwa hiyo mkiniuliza strive ni nini kwa Kiswahili siwezi kuwapa neno moja na anayewapa neno moja muwe na wasiwasi naye. Kwenye barua ya heshima jitahidi inatosha. Mtu aliyekomaa na jambo miaka na watu wanamwambia acha, huyo anang'ang'ana. Anayetafuta haki yake anapigania. Hangaika nayo inaingia ila ina machozi, strive haina machozi, kwa hiyo naitumia kwa uangalifu. Pania mimi naipenda ila vijana wameiharibu, ukisema fulani amepania siku hizi wanamaanisha amezidisha. Kukazana nayo nzuri. Jaribu ndo haipo kabisa kwenye hiyo foleni.

Najua kuna atakayesema huyu mzee anapoteza wino kwa neno moja, jaribu, jitahidi, si vyote vilevile. Ngoja nimwambie kilichonikuta. Kuna kampuni, sitaitaja, ilinipa kazi ya kutafsiri ahadi zao kwa wateja. Kiingereza kilisema we strive to respond within 24 hours. Nikaandika tunajitahidi kukujibu ndani ya saa 24. Wakanirudishia, eti jitahidi inaonekana dhaifu, inaonekana kama hatuna uhakika, andika tunahakikisha. Nikawaambia lakini Kiingereza chenu hakina uhakika, nyie wenyewe mlichagua strive, na mwanasheria wenu aliyeipitisha alijua anachofanya. Kwa sababu hapa ndo kuna ujanja wa hili neno, strive haikuahidi kitu. Inakwambia jasho litatoka, haikwambii utapata. Mteja wa Kiingereza asipojibiwa siku tatu hana la kuwashika nalo, ataambiwa we strove. Mteja wa Kiswahili kaambiwa tunahakikisha, huyo kaahidiwa, na akija kulalamika atasomewa ile karatasi ya Kiingereza. Watu wawili, kampuni moja, mmoja kapewa matumaini na mwingine kapewa ahadi, na tofauti nimeitengeneza mimi kwa kalamu yangu. Nilikataa. Kazi wakampa mwingine, na nikapita pale baadaye nikakuta imebandikwa, tunahakikisha, kwa herufi kubwa za bluu.

Wanasheria wa Kiingereza wao kwenye mikataba hawaiamini hata hiyo strive, wanatumia endeavours, yaani juhudi, na wanazipima kabisa, kuna best endeavours, juhudi za mwisho wa uwezo, na kuna reasonable endeavours, juhudi za kiasi, ya kwanza nzito kuliko ya pili, na watu wanapelekana mahakamani kubishana hiyo best ina kilo ngapi. Endeavour nayo ilitoka Kifaransa ila kwenye devoir, wajibu, kujiweka kwenye wajibu, ndo maana ina adabu kidogo, haina ngumi kama strive. (Na kwa faida ya wanaopenda tahajia, kile chombo cha anga cha Marekani kilichoruka mara ya kwanza mwaka 1992 kinaitwa Endeavour, pamoja na u yake ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu kilipewa jina la meli ya James Cook. Waliosahau hiyo u ni wengi na wengine walikuwa wanalipwa.)

Hilo la kutokuahidi ndo mlilikosa zaidi kwenye somo lenu. Mlitoa mfano he strove, samahani, he strived to pass the exam, mkatafsiri alijaribu akafaulu. Hiyo akafaulu mmeitoa wapi? Kwenye sentensi haipo. Tena strove ikikaa peke yake hivo inanuka kama hakufaulu, Mwingereza akitaka kusema alifaulu atasema managed to, au ataongeza and he did. Na hili msomaji wa Kiswahili anatakiwa alielewe haraka kuliko mtu yeyote duniani kwa sababu tunalo letu, amejitahidi. Mtoto kawa wa mwisho darasani, mgeni anauliza vipi mitihani, mama anasema amejitahidi. Timu imefungwa nne bila, vijana wamejitahidi. Bibi harusi kapika kwa mara ya kwanza, wakwe wanatafuna kimya kimya, mmoja anasema kajitahidi. Hakuna Mswahili anayesikia amejitahidi akadhani mambo yamekwenda vizuri. Ni neno la huruma, tunamfunika nalo mtu aliyeanguka. Ila angalia likigeuzwa kuwa amri, kwenye ripoti ya shule, jitahidi zaidi, huruma yote imeondoka, sasa limekuwa fimbo. Strive sidhani kama inaweza kufanya hiyo kazi ya kwanza, ukimwambia Mwingereza your son strove hatajisikia amefunikwa, atadhani mtoto amekufa vitani. Kwa hiyo hata jitahidi, ambayo ndo jirani yake wa karibu kabisa, nyumba zao zina ukuta katikati.

Na methali zetu ndo kabisa zinakwenda upande mwingine, mchumia juani hulia kivulini, mvumilivu hula mbivu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, zote mwishoni kuna kitu mezani. Strive haina meza. Nadhani ndo maana watafsiri wengi mkono unawateleza wanaongeza akafaulu, akapata, tunahakikisha, wamezoea jasho kulipwa.

Nimalizie na moja la kuchekesha kabla sijachoka. Strive msiichanganye na thrive. Thrive ni kustawi, ilitoka kwa watu wa Skandinavia wa zamani, nayo ina throve yake ingawa siku hizi thrived imeshinda. Kijana mmoja aliniandikia meseji kwa Kiingereza kunishukuru nilivomsaidia mtaji, my business is striving, mimi nikampigia simu kumpa pole nikamuuliza tatizo ni mtaji au wateja, kumbe biashara inastawi na yeye alikuwa anajigamba. Na kuna mmoja aliandika kwenye barua ya kazi I am always starving for excellence. Starve kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa ni kufa kwa namna yoyote, njaa ilikuja baadaye. Kazi alipata, kwa hiyo labda mimi ndo sijui kitu.

Basi Mhariri, siombi mfute kona, kona ni nzuri na nyumbani tunagombania nani aisome kwanza. Naomba tu toleo lijalo mchape hata mstari mmoja kwamba strove ni sahihi. Mwalimu wa mpwa wangu mmeona wenyewe anavowaamini, mimi nilimwandikia ukurasa mzima pamoja na kamusi akanijibu gazeti limeshasema. Daftari la mtoto liko hapa mezani kwangu tangu juzi, limefunguliwa palepale kwenye wino mwekundu, na kila akipita analisogeza kidogo karibu na mkono wangu.

Msomaji wenu, mtafsiri